Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya historia Moshi na Arusha: hayo madaftari msiyachome

Wanangu na wajukuu zangu, nyinyi mliofungua vimakumbusho vidogo vidogo huku Kibosho, Marangu, Machame, Old Moshi, na wenzenu wa Arusha mpaka Meru, marahaba kwa wote. Kazi yenu naipenda na nimekuwa nikiisema vizuri kila ninapokaa na wazee wenzangu. Ila leo nawaandikia nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Juzi juzi nimepita kwenye kikundi kimoja, jina silitaji, nikakuta wako kwenye usafi wa stoo kwa sababu kuna mgeni anakuja. Sawa, usafi ni kitu kizuri. Lakini nyuma ya jengo kuna moto, na kwenye moto kuna makaratasi, nikasogea. Picha za zamani zilikuwa zimepangwa mezani vizuri kabisa, zimefutwa vumbi, nikauliza bahasha zake ziko wapi, kijana ananijibu kwa heshima zote, mzee bahasha zilikuwa chafu na zimeliwa na mende tumezichoma, ila usiwe na wasiwasi picha zote tunazo. Jamani! Majina yalikuwa kwenye bahasha! Kuna picha moja pale ya wanaume wanapima kahawa, mizani imening'inia, mmoja kavaa koti refu na kofia ya pama, pembeni kuna mtoto peku kashika daftari kifuani kama anaogopa litachukuliwa. Kwenye bahasha kulikuwa na maandishi ya penseli, nani ni nani kuanzia kushoto, mwaka gani, chama cha msingi cha ushirika kipi, na nani aliyeileta ile picha. Sasa mna picha ya watu wasio na majina. Mgeni atakuja ataangalia atasema nzuri sana, halafu atauliza hawa ni akina nani, na hakuna wa kumjibu.

Nilipouliza nani kawaambia mchome, jibu likawa mhasibu alisema nyaraka zinatunzwa miaka 5 tu. Hapo ndipo penye tatizo lote. Mhasibu hakukosea, sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 ndiyo inavyosema, miaka 5. Lakini inazungumzia kumbukumbu za kodi! Risiti, ankara, vocha za malipo. Haijasema chochote kuhusu bahasha ya picha ya babu yako. Mmechukua kanuni ya risiti ya mafuta ya jenereta mkaenda kuipachika kwenye historia ya watu, na hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyenyoosha mkono kuuliza.

Mimi nimekaa masjala maisha yangu yote ya kazi. Kule tulifundishwa kwamba kila aina ya waraka ina umri wake, na umri huo unapangwa kabla, unaandikwa, unapitishwa na wakubwa, haupangwi siku ya usafi na mtu aliyeshika ufagio. Na katika kila ofisi kuna vitu havina umri, vinakaa mpaka kiama. Kwa makumbusho kitu cha kwanza kwenye hilo kundi ni daftari la mapokezi. Lile mnaloandika namba ya kitu, kimetoka kwa nani, kijiji gani, tarehe, kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Na barua ya mtoaji inayoambatana nalo. Hayo hayatupwi hata kama kitu chenyewe kimeibiwa, kimevunjika au kimeliwa na mchwa, kwa sababu mjukuu wa mwenye mali atakuja siku moja aseme kile kiti cha babu yangu mlikiazima tu, na nyinyi mtajibu kwa kutumia nini? Maneno? Huku kwetu watu wanafikishana mahakamani kwa kihamba, shamba la ukoo, cha robo eka, mnadhani kiti cha Mangi, yaani chifu, watakiacha?

Nataka mlielewe hili vizuri kwa hiyo nivumilieni. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka na miaka mpaka wengine wamezeeka wakiuliza. Kule Berlin kuna taasisi iliyorithi mkusanyiko mkubwa wa mafuvu ya enzi za ukoloni, wakakaa wakachunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, na ya huku kwetu yapo. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimekutanisha baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai hapa Tanzania. Mojawapo lilikuwa na maandishi, neno moja tu, Akida, na likaonekana ni la mshauri wa Mangi Meli. Neno moja! Ndilo lililowapa watafiti pa kuanzia, wakajua waulize ukoo gani. Meli mwenyewe mpaka leo hajapatikana. Sasa fikirieni, kama kila fuvu lingekuwa na karatasi yake iliyoandikwa kikamilifu na kutunzwa, hizi familia zisingehitaji kusubiri zaidi ya miaka 120 na kutoa mate ya kupimwa maabara. Tunawalaumu wazungu kwa haki kabisa kwamba walichukua watu wetu bila hata kumbukumbu ya maana, halafu sisi hapa Moshi tunachoma za kwetu kwa kiberiti chetu wenyewe. Hili limeniuma kuliko moto wenyewe.

Mengine nayataja haraka haraka maana hayana ubishi. Katiba ya kikundi, cheti cha usajili, hati ya kiwanja, mihtasari ya vikao, orodha ya wanachama, daftari la wageni, taarifa za mwaka, haya ni ya kudumu. Mikataba, itunzeni muda wote ikiwa hai na miaka kadhaa baada ya kwisha. Faili la mfanyakazi msiliguse mpaka mafao yake yote yawe yamelipwa na muda wa kudai umepita. Risiti na vocha, miaka 5, mkishakaguliwa na hakuna hoja ziondoeni kwa amani. Maombi ya kazi ya watu msiowaajiri, mialiko ya harusi, matangazo, nakala ya nne ya barua ile ile, hivyo tupeni, sijasema mgeuze stoo jalala. Na hakuna mtu anachoma peke yake, watu wawili wa kamati waandike kimechomwa nini, lini, wasaini, na hiyo karatasi ya uchomaji nayo mnaitunza.

Lakini vijana si nyinyi peke yenu, na hapa naomba na wakubwa wasome. Sisi watu wazima ndio tuliowafundisha hivi. Mwenyekiti mpya akiingia kazi ya kwanza ni kufuta ya mwenzake, anabadilisha kufuli, anatoa makabati nje, makaratasi ya yule wa zamani yananyeshewa kwenye baraza na hakuna anayeuliza. Katibu anatunza faili za chama nyumbani chini ya kitanda, akifariki mjane anabaki na makaratasi asiyojua ni ya nini, mwisho wanauziwa wauza karanga wa stendi kwa kilo. Watu wa mkoa huu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, hao ni wakulima wa vihamba wakati ule wa mkoloni, waliandika mihtasari, waliandika nani kaleta kilo ngapi. Leo tuna shule kila kata na hatuwezi kutunza muhtasari wa kikao cha mwaka juzi. Tuna haraka ya kumpendeza mgeni kwa sakafu inayong'aa.

Angalieni serikali yenyewe. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inasema nyaraka za umma zilizohifadhiwa zinafunguliwa kwa wananchi zikifikisha miaka 30. Maana yake nchi inategemea karatasi iwe bado ipo baada ya miaka 30! Nyinyi mnachoma karatasi ya miaka 6. Na wa Arusha nyie hamna hata haja ya kwenda mbali, ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, majaji wameondoka, lakini kumbukumbu zake ziko Lakilaki kwenye jengo lililojengwa maalum, zinalindwa, kwa sababu aliyefiwa na aliyefungwa wote wana haki ya kurudi kuuliza.

Kuhusu simu: muhtasari wa kikao kuutuma kwenye grupu la WhatsApp si kuutunza. Simu ikiibiwa pale Mbuyuni umekwenda nao. Printini, pigeni sahihi, wekeni kwenye jalada. Na mkiskani daftari la zamani, daftari lenyewe libaki, flashi zinakufa bila kuaga. Taarifa za siri za watu, magonjwa, ugomvi wa mirathi, wekeni kwenye kabati lenye kufuli na muandike zitafunguliwa lini, kuficha kwa muda ni halali, kuchoma siyo.

Kwenye kikao chenu kijacho nawaomba ajenda moja tu. Ongezeni kifungu kwenye katiba kinachosema kikundi kikivunjika madaftari na nyaraka zinakwenda wapi, taasisi gani, na nani atazikabidhi. Kaongeeni na hiyo taasisi kwanza, wakikubali wawape barua. Msiandike "kamati itaamua", maana siku hiyo kamati haitakuwepo. Andikeni jina la taasisi, pigeni muhuri, nakala moja mumpe mtendaji wa kata.