Naomba unitafutie jimbi wa kuchi

Ganda, Malindi

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, na mama anauliza goti la bibi linaendeleaje. Niwie radhi kwa kunyamaza tangu tulipoagana gatini Mokowe. Leo nakuandikia kwa haja, na haja yenyewe ni jimbi, yaani jogoo, wa aina ya kuchi.

Banda limekwisha. Nimeliezeka makuti, ijapokuwa fundi alishikilia mabati kwa hoja kwamba makuti huficha utitiri na nyoka. Hilo ni kweli, lakini jua la huku unalijua. Sasa kila mtu ananichagulia kuku wa kuanzia. Kaka anataka ninunue vifaranga 100 vya siku moja vya kienyeji kilichoboreshwa, ama wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, tawi la Naivasha, ama Kuroiler wenye asili ya India, ama Sasso wa Ufaransa, na wakala anadai arubuni kabla ya Ijumaa. Hoja ya kaka naielewa. Mtetea wa namna hiyo akilishwa vizuri huweza kufikia mayai 200 kwa mwaka, ilhali koo wetu wa kienyeji hutaga kumi au kumi na tano, akaatamia siku 21, kisha akazunguka na wanawe miezi miwili au mitatu pasipo kutaga hata moja. Lakini huko kulishwa vizuri ni gunia la chakula baada ya gunia, na wengi wao hawaatamii, kwa hiyo kila kundi likizeeka nitarudi kwa wakala yuleyule na fedha mkononi. Mimi nataka kundi linalojizalia lenyewe.

Kisha kuna joto. Juzi saa nane mchana, upepo umekatika kabisa, nilimpitia jirani anayefuga kuku wa nyama. Nilikuta wamelala juu ya maranda, midomo wazi, mabawa yametandazwa, na nilipotia kidole katika chombo cha maji, maji yalikuwa ya moto. Kabla ya Alasiri alikwisha kutoa mizoga tisa. Nje ya banda hilohilo, chini ya mwembe, koo kishingo wa mama yake alikuwa akichakura na wanawe kama kwamba ni asubuhi. Afisa wa mifugo alinieleza kwamba shingo ile isiyo na manyoya hutoa joto la mwili, na kwamba kifaranga akirithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu, hutoka na shingo wazi. Wiki hiyohiyo nilikwenda Kakuyuni nikanunua matetea tisa wa kishingo. Kaka bado sijamwambia.

Jimbi ndiye aliyebaki, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Unamkumbuka kuchi wa yule mzee wa Langoni huko Lamu, mwenye miguu mirefu, kifua kilichonyooka na upanga mdogo uliolala kichwani? Mwili ule ndio ninaoutaka kwa wana wa matetea wangu, ambao ni wepesi mno kwa nyama. Najua kuchi hukua polepole, na najua majimbi wawili hawakai banda moja bila damu, lakini mmoja atanitosha kwa matetea tisa. Tena matetea hawa wataangua na kulea wenyewe, jambo linalonitia moyo kuliko yote, kwa kuwa kunguru wa huku hunyakua kifaranga mchana kweupe, na hao 100 wa wakala watakuwa hawana mama wa kuwatetea.

Hofu yangu ni kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Hakina dawa, na kuku mgeni mmoja aweza kunimalizia banda zima. Wangu nimewadondoshea chanjo machoni na nitairudia kila miezi 3. Kwa hiyo tafadhali usininunulie jimbi sokoni, hata akiwa mzuri namna gani. Nataka anayejulikana nyumba aliyotoka. Akifika nitamtenga wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

Je, yule mzee bado anafuga, au wanawe wameuza? Atakubali kumtoa pora wa miezi minane au zaidi, na kwa bei gani? Kuku wake wamepata chanjo mwaka huu? Wewe uliyekulia na kuchi, matetea wao huatamia vizuri, au huvunja mayai kwa uzito? Na kwa haki ya usuhuba wetu niambie ukweli: ungekuwa mimi, ungempa wakala ile arubuni?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Akipatikana, mtie katika tenga lenye nafasi, umvushe kwa boti ya alfajiri hadi Mokowe apande basi la kwanza, asije akakutwa na jua la Garsen njiani. Nauli yake na ya tenga nitakutumia kwa simu.

Wasalaam,
Shoga yako wa Ganda