Ratiba ya usafi kuanzia Jumatatu

Habari zenu wapendwa. Wiki hii tunaanza na jikoni, dakika 15 tu kila usiku baada ya kula: vyombo, jiko, sinki, kisha dodoki likamuliwe na kuanikwa, maana likilala limelowa ndilo linaloleta ile harufu. Vyumbani anzeni juu, feni na rafu, sakafu iwe ya mwisho. Ukitangulia kufagia, vumbi litakurudisha kazini. Mashuka kila wiki. Choo pia, na hapa nawasihi sana: dawa ya klorini msiichanganye na siki wala chochote chenye amonia, hutoa gesi ya sumu. Madirisha yawe wazi. Watoto nao wapeni zamu. Jumamosi jioni tuambiane nani amekwama wapi.