Saa 2:00 ni saa ngapi?

Mhariri,

Juma lililopita shangazi yangu alitoka Ahero alfajiri, akafika kliniki moja hapa Kisumu saa mbili kasorobo. Ujumbe ulikuwa kwenye simu yake: "Tafadhali fika saa 2:00." Akaketi kwenye benchi na chupa yake ya uji. Daktari wa macho alitokea saa nane mchana.

Shangazi hakukosea kusoma. Iliyokosea ni programu, iliyochukua 14:00 ya kompyuta, ikatoa 12, ikabandika neno "saa" mbele na kujiona imetafsiri. Ingetoa 6 na kuongeza neno "mchana", mama wa watu angelala kidogo.

Nayajua haya kwa kuwa kuandika programu ndiyo kazi yangu, na nimeshafanya kosa baya kuliko hilo. Nilipotengenezea chama kimoja cha akiba daftari la wanachama, tarehe za kuzaliwa niliziweka pamoja na saa. Mtu wa tarehe 1 Juni akahesabiwa kuwa wa saa sita usiku, saa za Nairobi. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi daftari, ikageuza iwe UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, ikaandika 31 Mei, 21:00. Ripoti nayo ikasoma tarehe peke yake. Chama kizima kikaongezewa siku moja ya uzee! Mzee mmoja alinitolea kitambulisho, akaniuliza kama nilikuwepo alipozaliwa.

Dawa yake ipo tangu zamani. Lugha ya programu ya Java, kwa mfano, tangu toleo la 8 la mwaka 2014 ina LocalDate, yaani tarehe tupu isiyo na saa wala eneo la saa. Siku ya kuzaliwa haihitaji zaidi ya hapo. Lakini vijana wengi ninaofanya nao kazi hujumlisha saa tatu kwenye UTC kwa mkono na kwenda zao, eti Kenya haibadilishi saa. Sasa haibadilishi, ndiyo. Zama za ukoloni tuliwahi kuwa mbele ya UTC kwa saa mbili na nusu, kisha mbili na dakika 45. Ukiandika jina la eneo la saa, "Africa/Nairobi", maktaba ya saa, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ya kukokotoa saa, inayakumbuka hayo yote kwa niaba yako.

Na kuna tarehe za usiku. Tiketi ya basi ikisema tarehe 5, 00:30, kompyuta haina shaka: ni nusu saa baada ya tarehe 5 kuanza. Abiria wetu anafika stendi usiku wa tarehe 5, na basi liliondoka usiku uliotangulia. Maneno "usiku wa kuamkia tarehe 5" yangemwokoa, nayo hayazidi nafasi ya ujumbe mmoja wa simu.

Shangazi ameitwa tena mwezi ujao, saa 3:00. Nimempigia karani wa kliniki kuuliza ni saa tatu au saa tisa. Akaniambia nisubiri, naye akaulize.

Mwandishi wa programu,
Kondele, Kisumu