Barua ya wazi kwa Waziri: karani ashuke ngazi

Mheshimiwa Waziri unayesimamia fedha za Inua Jamii, zile serikali inazowapa wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mtongwe, mgongo bado ukiniuma.

Jumatatu iliyopita nilimbeba mwanangu mpaka gorofa ya pili ya ofisi moja hapa Mombasa ili serikali ihakikishe kwamba yu hai. Ana miaka 19, ana mtindio wa ubongo, na uzito wake sasa wanishinda. Lifti hakuna. Niliomba karani ashuke amwangalie pale chini kwa bawabu, nikajibiwa kwamba mashine haitoki ofisini. Haya, tukapanda, mimi na dereva wa tuktuk aliyetuonea huruma, kiti cha magurudumu tukakiacha mlangoni. Kufika juu, mashine ikataka alama za vidole. Mheshimiwa, vidole vya mwanangu vimekunjika tangu utotoni. Ukivikunjua kwa nguvu analia. Alilia. Mashine ikakataa. Tukaambiwa turudi siku nyingine, mtandao ukiwa mzuri. Mtandao!

Yote haya kwa shilingi 2,000 za mwezi. Sizidharau, ndizo nepi na dawa zake za kifafa, pale zinapokuja. Lakini ni zile zile 2,000 nilizoambiwa siku ya kuandikishwa, na unga na mafuta havikutungoja.

Nasikia mnatafuta wapokeaji hewa. Huenda wapo, na huenda aliyewaandika anakaa huko huko juu, mimi sijui. Ila mbona deni lao alipe mtoto asiyeweza hata kujifukuzia nzi?

Ahadi tunazo tele. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwanangu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuweza kufika mahali pote na kupanda magari ya umma. Matatu zenyewe, wakituona tu, utingo anagonga bodi gari liondoke. Sheria ya watu wenye ulemavu tulikuwa nayo tangu 2003, na mwaka 2025 mkatupa nyingine mpya, ahsanteni. Kila tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu duniani, tunaitwa, tunapewa fulana na soda, tunapigwa picha. Siku hiyo hakuna anayetaka alama za vidole. Pale Likoni, abiria wa feri hutupisha wenyewe, na sidhani kama kuna aliyewapeleka semina.

Nilikusudia kukuomba mengi: malimbikizo yalipwe, pesa ziongezwe, ofisi zihamishiwe chini, na walezi nasi tufikiriwe, maana ni kazi gani nitakayoandikwa na sitoki nyumbani? Lakini utaniambia bajeti. Basi hayo yaweke.

Naomba moja lisilotaka bajeti. Mwamuru karani ashuke ngazi. Mashine ikikataa vidole, atumie macho yake. Kama hilo nalo ni zito, chifu na mzee wa mtaa wanatujua, waandike wao kwamba mtoto yu hai. Nimeambiwa nisipokamilisha uhakiki jina lake litafutwa, na mimi kumpandisha tena siwezi. Ashuke tu, Mheshimiwa, na ashuke kabla ya malipo yajayo.

Wako kwa heshima,
Mama mlezi, Mtongwe