Usiukate mwembe, Zuhura

Muheza, Jumapili jioni

Mpendwa shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, watoto wazima, bibi goti linamsumbua lakini anatembea na jana alifika mwenyewe sokoni. Ama baada ya salamu, nimesoma habari za bustani yako iliyokauka chini ya mwembe, na kwamba shemeji sasa anataka kumwita mtu wa msumeno. Ndiyo maana najibu leo leo, kabla huyo mtu hajafika. Mti uliokuzwa na marehemu baba yako, unaowapa embe na kivuli cha kukalia wageni, hauangushwi kwa sababu ya tuta la mboga.

Watu wakiona kitu kimekufa chini ya mti husema ni kivuli. Kwa nyanya na mchicha ni kweli, hiyo mimea inataka jua; ukiipanda kivulini inarefuka na kulala. Lakini umenieleza kwamba hata mnanaa ulikauka, na mnanaa haukasirikii kivuli. Hapo mwizi ni mizizi, na kinachoibwa ni maji.

Kesho asubuhi chukua panga uchimbe kishimo cha kina cha kiganja tu, hatua chache kutoka kwenye shina. Udongo utatoka mkavu hata kama jana ulimwagilia, na utakuta vijizizi vya kahawia vimesukana kama mkeka. Vitazame kwa karibu: ncha zake changa ni nyeupe, na hizo ndizo zinazokunywa. Mwembe una mzizi mkuu unaozama chini sana, ndiyo maana unavumilia kiangazi. Lakini mizizi yake mingi inayotafuta chakula iko juu, ndani ya sentimita 60 za mwanzo, palepale unapopanda wewe. Nayo haiishii ukingoni mwa kivuli. Kwa mti mkubwa kama huo hutambaa mbali kupita matawi, kwa hiyo kusogeza tuta hatua mbili pembeni hakutakusaidia kitu. Na juu nako, majani yale mazito yanadaka mvua. Manyunyu yanakaukia hukohuko, ardhi haipati hata tone.

Ukitaka kumwonyesha shemeji kwa macho, chukua ndoo kuukuu, itoboe chini, ujaze udongo na samadi, upande mnanaa mwingine, kisha uiweke juu ya matofali palepale ulipofia ule wa kwanza. Kivuli ni kilekile, mti ni uleule. Ukiupa maji utanawiri, kwa sababu mizizi ya mwembe haiufikii.

Lile lori la udongo analotaka kuleta ili kuinua tuta, mkatalie kwa upole. Mizizi inahitaji hewa. Ukiifukia kwa udongo mwingi inakosa pumzi. Gome la shina likifunikwa linaoza na kukaribisha mchwa. Jirani yangu mmoja alirundika kifusi hadi magotini kuzunguka mti wake wa mkungu, na ulianza kukauka kuanzia matawi ya juu. Halafu hata mti ukipona, mizizi yenyewe hupanda juu kufuata udongo mpya wenye mbolea, na baada ya misimu michache utakuwa umerudi ulipoanzia.

Sasa cha kupanda. Mimi ningeanza na manjano na tangawizi. Zote zinavumilia kivuli chepesi na zinapandwa masika yanapoanza, mti nao ukiwa na maji ya kutosha, hivyo ugomvi unapungua. Majani yakishageuka njano na kulala, baada ya miezi minane au tisa hivi, unachimba. Magimbi nayo hayaogopi kivuli, ila yanataka unyevu, kwa hiyo yaweke pale yanapopita maji ya kuogea. Pilipili manga ndiyo ningependa sana uijaribu. Panda marando yake karibu na shina, yaelekeze yashike gome. Yanaparamia tu, hayaunyonyi mti. Iliki usiihangaikie. Inataka baridi na ukungu wa Amani, kule milima ya Usambara; hapo Tanga mjini haitakaa. Na hata huko mlimani imeacha madhara yake: ili kuipanda, watu wamefyeka miche yote ya chini wakabakiza miti mikubwa peke yake, na ile mikubwa ikizeeka hakuna wa kuirithi. Hilo huniuma kila nipandapo huko.

Usilime kwa jembe wala sururu. Tafuta nafasi kati ya mizizi kwa vidole na ncha ya panga, toboa mashimo madogo, kila shimo lipate kopo moja la samadi iliyooza. Kijizizi chembamba ukikikata si neno, kitaota kingine. Lakini ukigusa mzizi mnene kuliko kidole gumba, sogea pembeni. Hiyo minene ndiyo inayoushikilia mti upepo wa kusi ukivuma, na nyumba yako iko upande gani unaujua mwenyewe. Panda miche midogo. Mche mkubwa unadai shimo kubwa, na shimo kubwa linakata mizizi mingi.

Kumwagilia kidogokidogo kila jioni kunaunywesha mwembe, mche wako unaambulia patupu. Zika chupa ya lita moja na nusu kando ya kila mche, kichwa chini, kizibo kimetobolewa kwa sindano, kitako kimekatwa ili ujazie. Maji yatashuka polepole hadi kwenye mche wenyewe. Majani ya mwembe yanayoanguka usiyachome. Yakatekate uyatandaze yatunze unyevu, ila uache upana wa mkono mmoja bila majani kuzunguka shina.

Mchicha na sukuma wiki vitoe kabisa hapo chini. Vijazie kwenye viroba upande wa mashariki, jua la asubuhi linapofika, chini uweke matofali ili mizizi isiingie kupitia kitako. Na shemeji akiwa bado ana hamu ya msumeno, mpe kazi: embe zikishavunwa zote, aondoe matawi machache ya chini kabisa ili mwanga upite. Machache tu, na wewe usimame hapo ukimwangalia.

Binti wa dada yangu anashuka Tanga Alhamisi. Nimemfungia vipande vya manjano vyenye macho, na marando ya pilipili manga yaliyofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Hayo uyapande siku hiyohiyo. Nijibu kwa huyohuyo akirudi Jumamosi, uniambie kwanza shemeji amesemaje.

Msalimie sana mama, na uwabusu watoto.

Ni mimi shoga yako,
Mwanahawa