Kaka, kilichopona ni kovu

Leeds, Jumapili usiku

Shikamoo Kaka,

Hela ya mbolea nimemtumia Atu jana, mgawane kama tulivyokubaliana. Ya bati subirini mwezi ujao.

Sasa la Mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema amekuwa mvivu, anashinda jikoni kajifunika blanketi, sauti imekwaruza, uso umevimba, anasahau hata kukamua, na Shangazi anadai karogwa na wale wa shamba la Kiwira. Halafu ukapitia juu juu tu kwamba vidonge vya asubuhi aliacha tangu Pasaka, kwa kuwa "shingo ilishapona."

Kaka, kilichopona ni kovu. Rovu lilitolewa pamoja na tezi yote ya shingo, na tezi hiyo ndiyo iliyotengeneza homoni ya kuupa mwili joto na nguvu. Haioti tena. Kidonge ndicho kimeshika nafasi yake, maisha yake yote, hata siku anazojisikia mzima. Na chumvi ya madini joto anayoisifia Shangazi iwafae wajukuu. Mama hana tezi ya kuitumia.

Roho inaniuma. Upasuaji ule niliulipia kwa zamu za usiku, na nimejivunia kwa kila mtu hapa.

Msimrudishie dozi wenyewe, maana moyo wa mtu mzima uliokaa miezi bila dawa haufai kushtuliwa. Mpeleke Mbeya mjini Jumatano wampime damu, kipimo cha TSH kinachoonyesha kama mwili unapata homoni hiyo ya kutosha, daktari ndiye aseme aanze na kiasi gani. Kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane. Dozi ikishatulia, kila mwaka. Kidonge ameze kwa maji matupu akiamka, chai ya maziwa ingoje nusu saa au zaidi. Vya kuongeza damu vipishane nacho kwa saa nne. Mkimwona analala tu na kuamka kwa shida, msingoje Jumatano, ondokeni usiku huohuo.

Mimi mzima. Wamenipandisha, nasimamia zamu nzima sasa, mwambie Mama. Baridi ya huku haina moshi wa kuni wala mtu wa kukuita uje uote moto. Juzi nimenunua parachichi moja, gumu, nikalikumbuka lile la nyuma ya choo.

Nauli na hela ya vipimo nimeweka kwenye namba ya Mama mwenyewe. Usinikasirikie, Kaka. Mkifika kwa daktari nipigie, nataka kumsikia Mama.

Mdogo wako,
Tumaini