Asante, kaka wa mashine ya kusaga

Jina lako hatulijui, kaka, lakini asante. Ulifungua kinu, ukafagia vumbi la ngano, ukakung'uta mfuko, ukasaga kwanza kilo mbili za mahindi ya kuku, ndipo ukamwaga ulezi wa mama mjamzito mwenye siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huumiza utumbo. Kinu kisichogusa ngano kabisa ndicho bora, ila kiko wapi mtaani? Ulezi wenyewe hauna gluteni. Mabaki ya ngano ndiyo huuchafua. Utumbo ukishaumia, madini ya chuma na foleti (aina ya vitamini B) havifyonzwi vizuri, na mimba inavidai zaidi.

Umetukumbusha pia unga wa lishe: soma pakiti, mwingine una ngano. Na anayetafuta mtoto na kushuku ana siliaki asiache chapati kabla ya kipimo cha damu cha ugonjwa huo. Akiacha, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.